Gitaa Halipigwi Peke Yake

Mhadhara kwa wapenzi wa muziki, Masumbwe, wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita



Mliniomba nizungumzie jambo ambalo wapiga gitaa hawaachi kubishania wakikutana: kipi kina uzito zaidi, ufundi wa vidole au hisia? Upande mmoja unasema kwamba asiyezijua skeli zake, asiyeweza kupanda na kushuka shingo la gitaa bila kujikwaa, hana cha kumwambia msikilizaji. Upande wa pili unajibu kwamba wapo wenye vidole vyepesi ambao ukiwasikiliza dakika tano unaanza kuitafuta simu yako mfukoni, na yupo mzee mwenye noti sita tu ambaye akiligusa gitaa watu wanaacha sahani zao mezani. Nimekaa ndani ya ubishi huu miaka mingi, na msimamo wangu nautaja mapema ili mpate muda wa kunipinga. Kasi ni ufundi ambao mtu anaweza kuupata peke yake, amejifungia chumbani. Hisia nazo ni ufundi, tena mgumu kuliko kasi, ila huo haupatikani chumbani. Mtu anaupata kwa mwenzake wa rizimu, kwa mpiga besi, kwa mwimbaji, na kwa watu wanaocheza mbele yake. Vijana wetu wanalaumiwa kwamba wanapiga bila moyo. Mimi naona moyo wanao. Waliowakosa ni wenzao.

Naanza na mtu ambaye nchi hii ina haki ya kumdai. Huku ni kwa Wasumbwa. Katika karne ya 19 Wasumbwa na ndugu zao Wanyamwezi walikuwa wakisafiri kwa misafara mpaka Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, mtoto wa mfanyabiashara aliyeitwa Kalasa, alikwenda na hakurudi. Watoto wetu wanamsoma shuleni: katika miaka ya 1850 alianza kujenga dola yake, makao makuu akayaweka Bunkeya, akatawala mpaka tarehe 20 Desemba 1891 alipouawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliokuwa ukimtafutia Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi hiyo yenye shaba. Baadhi ya waandishi wa historia humwita Mnyamwezi kwa jumla, wengine husema bayana kwamba alikuwa Msumbwa. Watu wake walijulikana kama Wayeke, na wapo Katanga hadi leo.

Mwaka 1930, katika nchi hiyohiyo, alizaliwa mtu huyo ninayemdai, mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Sidai kwamba vidole vyake alivirithi Busumbwa. Gitaa lilimfikia kwa njia nyingine kabisa, kupitia miji ya migodi, santuri na maduka ya mjini. Lakini alikuwa wa kizazi cha watu waliotoka upande huu, aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho misafara ya kutoka mashariki ilikifikisha na migodi ya shaba ikakikuza, na aliishi katika mji wa wachimbaji. Ninyi mnaoishi kati ya maduara ya dhahabu na barabara ya malori ya Rwanda mnaijua miji ya namna hiyo: watu wa makabila kumi, fedha inayokuja kwa ghafla na kuondoka kwa ghafla, na jioni ndefu zinazotaka muziki. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Bosco Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi. Katika rekodi hizo ndimo ilimo "Masanga", ambayo ilipata tuzo na kumfanya ajulikane mbali na Katanga.

Naomba tuutazame mkono wake wa kulia kwa karibu, maana ndiko jibu langu linakoanzia. Bosco alitumia vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba liko kwenye nyuzi nene, linakwenda hatua kwa hatua, halisimami. Kidole cha shahada kiko kwenye nyuzi nyembamba, na hakimtii mwenziwe. Kinaingia kati ya hatua mbili za gumba. Mara kinatangulia kidogo, mara kinachelewa, mara kinanyamaza pale sikio lilipokuwa limejiandaa kukisikia. Gumba haliharakishi kumfuata na halipunguzi mwendo kumngoja. Msikilizaji ambaye hajaambiwa anaweza kuapa kwamba anasikia magitaa mawili. David Rycroft, mtaalamu wa muziki wa Kiafrika, aliziandika rekodi hizi kwa noti na kuzichambua katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na jambo alilolisisitiza mpaka kwenye kichwa cha makala yake ni ubunifu wa papo kwa papo: Bosco hakuwa akirudia mapigo yaleyale aliyoyakariri, alikuwa akiyageuzageuza kila alipoyapitia.

Sasa niambieni, huo ni ufundi au ni hisia? Mpeni "Masanga" kijana mwenye vidole vyepesi. Noti zenyewe atazipata baada ya wiki chache, hazina miujiza. Kitakachomshinda ni kuliacha gumba liende zake wakati kidole cha shahada kinachelewa. Mkono wake utataka vidole vyote viwili vifike pamoja, na vikifika pamoja wimbo unakufa, ingawa hakuna noti hata moja iliyokosewa. Kwa hiyo kile kinachotugusa katika "Masanga" kina mahali pake panapojulikana. Kimo katika ile nafasi ndogo kati ya gumba na shahada, nacho kinafanyiwa mazoezi kama kitu kingine chochote. Bosco alikuwa na gitaa moja na hakuwa na bendi, basi akajigawa: gumba likawa bendi, shahada ikawa mpiga solo anayeisikiliza bendi.

Wazee waliomo humu watasema kwamba jambo hilo lilikuwepo huku kabla gitaa halijafika. Ni kweli. Mpiga ndono ana upinde, uzi mmoja na kibuyu kimoja anachokisogeza kifuani. Kwa hesabu ya noti huyo ni maskini kuliko mtoto anayeanza gitaa. Lakini ndono ina mwimbaji, na mwimbaji ndiye huyohuyo mpigaji. Sauti inapopanda, fimbo inayoupiga uzi inajua wapi pa kuipisha. Mpiga zeze naye ni hivyohivyo. Kwa kumtazama utamhesabu ni mtu mmoja, lakini kwa kumsikiliza ni wawili wanaojibizana.

Na kuna shule nyingine, ya Wasukuma, ambayo nadhani hakuna chuo cha muziki kilichowahi kuwa na mtihani mkali kuliko wake. Ni mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vikubwa vya ngoma ambavyo bado vinakutana, hasa msimu wa Bulabo pale Bujora, Kisesa. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna majaji wenye karatasi mbele yao. Watu wako huru, wanakwenda wanakovutwa, na kundi lenye umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Kila kundi linatafuta cha kuwavuta watu: mavazi, vichekesho, sarakasi, hata chatu. Chatu akitolewa kwenye mfuko, nusu ya uwanja inakimbilia upande ule. Lakini mtu hukaa akimtazama chatu kwa muda gani? Akishamwona amemwona. Kama ngoma nyuma ya chatu haina kitu, miguu inaanza kurudi ilikotoka, na kundi lililokuwa limeachwa linawapokea.

Kasi kwenye gitaa naiweka hapo alipo yule chatu. Inavuta. Sitaki kumdanganya kijana kwamba haina faida. Mpiga solo asiyeweza kuifyatua pale inapohitajika amekosa silaha. Ila kuwavuta watu ni kazi moja na kuwashika ni kazi nyingine. Bendi zetu zilipokuwa na nguvu, nguvu zote zilikuwa katika kuwashika.

Tuzifungue bendi hizo tuone ndani. Muziki wa dansi wa Tanzania ulipokomaa, katika miaka ya 1970 na 1980, bendi kubwa ilikuwa na magitaa manne: solo, solo la pili, rizimu na besi. Wimbo ulianza taratibu, maneno yakiwa mbele, mwimbaji akisimulia kisa cha mke na mume, cha mkopo, cha jirani mbaya. Halafu ukafika mahali maneno yanaisha na magitaa yanachukua uwanja. Hapo ndipo tunapopaita chemko. Sikilizeni chemko la bendi ya Msondo au ya Sikinde na mfumbe macho. Rizimu imeshika kipande kifupi na haikiachi. Solo la pili linajaza mianya ya rizimu, kwa noti mbili tatu zinazorudi palepale. Besi haijazi kila pigo. Inaruka, inaacha shimo, kisha inaingia kwa uzito. Solo linakuja juu ya vyote hivyo na kipande ambacho ukikitoa na kukipiga peke yake kinaonekana cha kitoto kabisa. Linakirudia. Linakirudia tena. Kisha linabadilisha noti moja, na ukumbi mzima unapiga kelele.

Kwa nini watu wapige kelele kwa noti moja? Kwa sababu walikuwa wameshazoea noti iliyotangulia. Marudio yamewajengea mazoea, na noti mpya imeyavunja. Mpiga solo asingeweza kuwafanyia hivyo kama rizimu ingeyumba, maana wasingejua kipi ni mazoea na kipi ni badiliko. Kelele zile anapigiwa yeye, lakini kazi imefanywa na wanne. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Waliokua na redio miaka ile wanaujua ubishi wa Kinshasa kati ya wapenzi wa Franco na wapenzi wa Dokta Nico. Kwa wengi ndio huohuo ubishi wa leo katika majina ya watu wawili. Nico Kasanda, aliyezaliwa mwaka 1939, alisomea ufundi na ualimu wa ufundi, na gitaa lake linasikika hivyo: noti safi, kila moja imekamilika kabla nyingine haijaanza, mistari mirefu inayopanda bila kutetereka. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938, alikulia mitaani, na gitaa lake lina ukali, linakwangua, linang'ang'ania kipande kimoja mpaka kikuingie mwilini. Basi watu wakagawana: Nico fundi, Franco hisia.

Mgawanyo huo siukubali. Nico alipopiga solo katika African Jazz na baadaye African Fiesta, kwenye gitaa la kumsindikiza alikuwepo kaka yake Dechaud. Ndugu wawili walioanza pamoja tangu wadogo. Ule utulivu wa Nico, ule uwezo wa kuichelewesha noti mpaka unadhani ameisahau, uliwezekana kwa sababu alijua bila kuangalia kwamba Dechaud yupo. Na Franco, anayesifiwa kwa moyo, alikuwa kiongozi mkali wa kikosi kikubwa, OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956. Pembeni yake tangu mwaka 1961 alikuwepo Simaro Lutumba, mtunzi mwenye kina, akishika rizimu. Kile kinachoitwa ukali wa Franco ni mpangilio wa magitaa uliofanyiwa kazi mpaka ukaonekana haukufanyiwa kazi. Alipofariki Oktoba 1989, kilichozimika kilikuwa zaidi ya vidole vya mtu mmoja.

Kwetu, mtu ninayemrudia kila mara ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa mwaka 1944, akapata jina akiwa na Morogoro Jazz, akaenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na mwaka 1973 akaondoka kuunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari Kenya mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na hilo linaeleza mengi. Gitaa lake linaingia pale sauti inapoishia pumzi. Linasema kifupi, kisha linaipisha sauti irudi. Wapo wapigaji wa wakati wake waliokuwa na vidole vyepesi kuliko vyake. Nimeshabishana na watu wanaowataja, na siwapingi. Lakini yeye alilizoeza gitaa kupumua, kwa kuwa aliyekuwa akilisubiri lipumue ni koo lake mwenyewe. Kijana anayetaka kujifunza hisia kwa Mbaraka asianze na solo. Aanze kwa kuimba huku anapiga, hata kama sauti yake haipendezi.

Na tusiende mbali. Western Jazz, iliyovuma Dar es Salaam kwa mtindo wa Saboso, ilianzishwa na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina hilo la Magharibi lilitoka jimbo letu la zamani. Solo la Rashid Hanzuruni lililokuwa humo bado linawasumbua wanaojaribu kuliiga. Tabora Jazz walikuwa na mtindo wa Segere Matata. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mpenzi wa muziki aliyewasha redio katikati ya wimbo alijua ni nani kabla hajasikia sauti ya mwimbaji. Hebu fikirini maana yake. Kwa kawaida tunasema hisia ni za mtu. Hawa walikuwa na hisia za bendi nzima, na mpiga solo alipohama bendi alilazimika kujifunza upya namna ya kugusa nyuzi.

Hilo halikutokea kwa baraka tu, lilikuwa na sababu za fedha na za utaratibu, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Wanamuziki wale wengi walikuwa waajiriwa. Nuta Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala, na Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mshahara ulitoka kwa mwajiri. Utaratibu huo ulikuwa na kero zake, mwanamuziki asiye na gitaa lake mwenyewe ni mtu wa kubanwa. Lakini ulimpa kitu ambacho leo hakipo: saa za mazoezi, siku nyingi za wiki, pamoja na watu walewale, kwa miaka. Said Mabera aliposhika solo la Msondo kwa miongo kadhaa, waliomzunguka walimjua kama wanavyojua njia ya nyumbani kwao.

Na kurekodi kulikuwa hivyohivyo. Bendi iliingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ikapiga kwa pamoja, waimbaji na magitaa na matarumbeta kwa mara moja. Mtu mmoja akikosea, wote wanarudi mwanzo. Kwa hiyo hofu ya kumharibia mwenzako ilikuwa ndani ya kila noti, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo husikiliza.

Kisha mambo yakabadilika, na hayakubadilikia kwetu kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kanda Bongo Man alianza kuukata ule mwanzo wa taratibu ili wimbo uingie moja kwa moja kwenye mwendo wa kucheza. Akiwa naye Paris, mpiga solo Diblo Dibala alipata jina la utani linalomfananisha na bunduki ya rashasha. Diblo ni fundi mkubwa, simdharau, na nyimbo zile zilitufurahisha sana. Lakini angalieni kilichoondoka. Kile kisa cha taratibu, kile kinachomfanya mchezaji angoje, kilitolewa. Chemko lisilotanguliwa na kungoja halichemki, limeshachemka tayari, na kinachobaki ni kuongeza moto. Hapo kasi ikawa kipimo. Studio za Paris nazo zikaanza kutumia ngoma za mashine, na mashine haijali mpiga solo amepatia au amekosea.

Sasa tuje kwa kijana wa leo, wa hapa Masumbwe, wa Ushirombo, wa Runzewe, wa Katoro. Amepata fedha kidogo machimboni au kwenye biashara ya duka, amenunua gitaa. Anajifunza kwa simu. Anawatazama wapigaji wa Kinshasa, wa Brazili, wa Marekani, anasimamisha video, anarudisha nyuma, anaiga. Ninawaheshimu sana vijana hawa. Wazee wetu wangelia kwa furaha kupata nusu ya walichonacho. Lakini simu inafundisha kile inachoweza kupima. Inaweza kukuambia jana ulifika mapigo 100 kwa dakika na leo umefika 120. Haiwezi kukuambia kwamba umemwingilia mwimbaji. Video haikungoji ukichelewa na haishtuki ukitangulia. Basi kijana anakua upande mmoja, ule wa kasi, kwa sababu ndio upande unaokua mtu akiwa peke yake. Akialikwa harusini, anakuta kinanda kimoja chenye mdundo uliorekodiwa, na anaombwa apige juu yake. Hapo atashindana na nini zaidi ya mashine? Naye hushindana nayo kwa kasi.

Kuna wazee wanaoniambia kwamba najisumbua, kwamba hisia ni kipaji cha Mungu, mtu huzaliwa nazo au huzikosa. Nawaheshimu, lakini neno hili limewaumiza vijana wengi. Ukimwambia mtoto kwamba hana kipaji cha hisia, ataikimbilia kasi, kwa maana kasi haimfungii mlango mtu yeyote. Na ukimwambia mwenzake kwamba kipaji anacho, ataacha mazoezi, awe mtu wa kufumba macho na kukunja uso huku nyuzi zake hazijakaa sawa. Gitaa ambalo halijatyuniwa haliliki, hata kama mpigaji anatokwa na machozi. Yule mzee wa noti sita niliyemtaja mwanzoni, msikilizeni vizuri: noti zake sita ni safi, zina urefu aliouchagua, na zinaanza na kukoma pale anapotaka. Huo ni ufundi wa vidole wa hali ya juu, ila umewekwa mahali ambapo haujionyeshi. B. B. King wa Mississippi alitambulika duniani kwa noti moja iliyotetemeshwa kidole, na aliipiga jukwaani kwa miongo, bendi ikiwa nyuma yake. Mtetemo ule aliufanyia kazi miaka mingi.

Na pale Shirati, mkoani Mara, alikozaliwa mpiga gitaa wa benga Daniel Owino Misiani mwaka 1940, tunaona jambo hilo kwa namna nyingine. Gitaa la benga lilijifunza kwa nyatiti, ala yenye nyuzi nane na mpigaji anayeimba, na besi ya benga nayo ikapewa kazi ya kujibizana na solo. Benga ina kasi. Hakuna anayesema haina hisia. Kasi yake imezaliwa ndani ya mazungumzo, kwa hiyo hailewi.

Mahali ambapo huku kwetu mazungumzo hayo bado yapo kila wiki ni kwenye kwaya. Kanda hii imetoa kwaya zinazojulikana nchi nzima, AIC Shinyanga na AIC Makongoro ya Mwanza zikiwa miongoni mwao, na nyuma ya sauti nyingi za kwaya kuna magitaa yanayofanya mazoezi na watu walewale, jioni kwa jioni, chini ya mwalimu anayeweza kusema simama, turudie. Mpiga gitaa wa kwaya hana nafasi ya kujitapa. Ana mwanya wa mapigo mawili kati ya mstari wa kwanza na wa pili, na katika mwanya huo anatakiwa aseme kitu. Nikiambiwa nimchague kijana mmoja wa kumfundisha solo la dansi, nitamchukua huyo kabla ya bingwa wa simu, kisha nitamtafuta bingwa wa simu nimkalishe pembeni yake.

Basi ombi langu kwenu ni la vitendo. Anayejua kupiga, atafute mwenzake mmoja. Mmoja ashike rizimu ya kipande kimoja na asikibadilishe kwa nusu saa nzima, hata kama mkono unamuuma. Mwingine apige solo kwa noti tatu tu, asizidishe, na atafute ni mahali pangapi anaweza kuziweka. Kisha wabadilishane. Siku ya kwanza watachoka na kuona ni upuuzi. Baada ya muda yule wa solo ataanza kusikia kwamba noti ileile ikitangulia kidogo ina haraka, ikichelewa ina huzuni, na ikikaa katikati ina kiburi, na yule wa rizimu ataanza kujua mwenzake anataka kuingia kabla hajaingia. Wakifika hapo waongeze mwimbaji. Baadaye watafute besi, na wakishaipata waende mahali penye watu, harusini, kanisani, kwenye mnada wa ng'ombe, popote ambapo mtu asiyependezwa ana uhuru wa kuondoka. Walimu wa shule mliopo, mkipata chumba kimoja chenye umeme jioni na ufunguo wake mkawapa vijana, mmeshafanya sehemu kubwa ya kazi hii.

Nakaribisha maswali, na ningeomba tuanze na wapiga besi na rizimu, maana leo nimewataja sana na bado sijawasikia.